Maharamia wa Nkuhungu

Ijumaa usiku, watoto wameshalala,
nachemsha chai ya rangi, si ya kunywa.
Nalowesha karatasi humo
mpaka ifanane na nyasi za Agosti,
kisha nainyanyasa kingo zake kwa kiberiti,
nikipuliza upesi
Mama mkwe asije akadhani nyumba inaungua.

Nyemo anatimiza miaka minane kesho.
Ameomba maharamia.
Si baiskeli. Maharamia,
mtoto ambaye bahari kwake
ni ile buluu ya ramani ya darasani
iliyochujuka kwa jua la dirishani.
"Haramia wa wapi huku?" Mama mkwe aliuliza.
"Atakwama mchangani kabla hajaiba kuku."

Lakini mimi ni mpima viwanja.
Miaka kumi na mmoja nimeugawa mji huu,
nasimika bikoni, nasema: hapa pako, pale si pako,
watu wakitukanana mgongoni mwangu kwa nusu hatua.
Ramani ya haramia ingenishindaje?

Nikachora. Banda la kuku likawa Kisiwa cha Mafuvu.
Kanga iliyopauka, maandishi yake yamebaki USINI tu,
ikawa tanga.
Njia ya mchwa nikaiita Mkondo wa Papa.
Vidokezo nikavitega kama vitendawili,
maana kumwambia mtoto "kata kushoto" ni kumnyima raha.

Ng'ombe wangu mweusi hali majani,
hukamuliwa kwa koki.
Hilo simtanki, ambalo juma hili lilikamuliwa likakauka.

Mapacha wangu huzurura kutwa,
usiku hulala mlangoni.
Kandambili za Mama mkwe. Hajui kuwa anakanyaga siri.

Hazina: kopo la maziwa ya unga,
ndani zabibu kavu za Hombolo, karanga, ubuyu,
na senti za marehemu baba, zilizokufa kabla yake:
hamsini yenye sungura, ishirini yenye mbuni,
na senti tano moja tu, yenye samaki,
samaki pekee wa baharini
aliyewahi kukaa nyumbani kwetu.

Saa saba usiku nikatoka na jembe la palizi.
Hatua kumi na mbili toka kona ya choo.
Nikafukia, nikaweka jiwe jeupe juu, nikalala.

Upepo wa Dodoma haubishi hodi.
Asubuhi uwanja ulikuwa umefutwa kama ubao.
Na jiwe? Mama mkwe aliliokota alfajiri,
akazuilia mlango wa jiko.

Wakaja maharamia tisa, vilemba vyekundu,
masharubu ya mkaa. Nami wakanipaka, sikukataa.
Sechelela, Mudeme, mapacha wa fundi pikipiki,
na Lechipya wa jirani, aliyegoma kuvua sweta.
Vitendawili wakavibangua kama karanga.
Wakafika kona ya choo, wakahesabu kumi na mbili
kwa miguu yao.
Nikahesabu kwa yangu.
Hakuna kitu. Usiku hatua hufupika,
mtu anaogopa nge.

Basi wakachimba kila mahali.
Wakapata kijiko. Gololi. Jino la ng'ombe.
Ufunguo wa kufuli tulilokwisha kulivunja.
Kisha Mudeme akapiga kelele, jembe limegonga,
wote wakamwagikia shimoni,
nami nikapiga magoti, nikapangusa udongo kwa kiganja.

Bikoni.
Zege, nondo katikati, namba bado inasomeka.
Nikainua macho kuutafuta ua wangu,
ule nilioukuta nikaununua pamoja na nyumba,
ambao sikuwahi kuupima, kwani nani hupima kwake?
Ulikuwa hatua mbili mbele yetu,
umesimama kwa raha zake
kwenye kiwanja cha kina Lechipya.

"Mama, hii ndiyo hazina?" Nyemo akauliza.
Lechipya alikuwa anakula karanga. Alinitazama.
Nikasema, "Njooni kwanza mkate keki."

Kopo halijaonekana mpaka leo.
Nyemo ramani ameilalia chini ya godoro.
Jioni ile nilinawa uso kwa maji ya ndoo, nikanawa tena,
nimvukie jirani nikamwambie.
Masharubu yaligoma kutoka.